Kukarabati gegedu la kiungo kwa uhandisi wa tishu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi goti, kwa kuwa ndiko tiba hizi zimetumika na kupimwa kwa miaka mingi zaidi.

## Gegedu lenyewe

1. Kwa nini gegedu la kiungo halijiponyi kama ngozi au mfupa?

Kwa sababu halina damu. Ngozi ikikatwa au mfupa ukivunjika, damu huvuja na kuganda, na ndani ya donge hilo huingia seli za kusafisha na za kujenga. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu, halina neva, halina mishipa ya limfu. Chakula cha seli zake huchujika polepole kutoka kwenye ute wa kiungo.

Seli zenyewe ni haba, takriban asilimia 1 hadi 5 ya ujazo wote. Kila moja imefungiwa ndani ya kolajeni, protini ya nyuzi, iliyosukwa kwa kubana, kwa hiyo haiwezi kutambaa kwenda kuziba pengo. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji, kolajeni ya aina ya II, na agrekani inayoyashika maji hayo. Mwanaanatomia William Hunter alishaandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na kuhusu mwili ukiachwa peke yake bado hajapingwa.

Kwa kuwa halina neva, shimo kwenye gegedu haliumi lenyewe. Maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, au kwenye utando wa ndani wa kiungo uliovimba. Ndiyo maana watu wengi hugundulika na mashimo kwenye MRI bila kuwahi kulalamika, na ndiyo maana picha pekee haitoshi kumpeleka mtu kwenye upasuaji.

2. Uhandisi wa tishu ni nini katika suala hili?

Ni kutumia vitu vitatu, kwa pamoja au kwa sehemu, ili kupata tishu mpya mahali palipoharibika: seli, kiunzi cha kuzishikilia, na ishara za kuziambia zijenge nini. Ishara zinaweza kuwa za kikemikali, kama vichocheo vya ukuaji, au za kimitambo, yaani kubanwa na kuachiwa. Baadhi ya tiba hutumia kiunzi peke yake na kutegemea seli za mgonjwa ziingie zenyewe (swali la 12).

3. Daktari anasema shimo "limejaa". Je, gegedu limerudi?

Si lazima, na hapa ndipo matangazo mengi yanapopotosha. Tishu inayojaza shimo inaweza kuwa ya haialini, kama ile ya asili, au ya nyuzinyuzi, kama kovu gumu. Kwa kamera ya kiungo zote mbili ni nyeupe na laini. Tofauti iko ndani. Ya haialini ina kolajeni ya aina ya II na agrekani nyingi, kwa hiyo hunywa maji na kuhimili kubanwa. Ya nyuzinyuzi ina kolajeni nyingi ya aina ya I, haishiki maji vizuri, na huanza kuchakaa mapema.

Mara nyingi matokeo huwa mchanganyiko wa zote mbili. Mgonjwa anaweza kuwa na nafuu kubwa akiwa na tishu ya aina hiyo, kwa hiyo swali la kuuliza ni itahimili kwa muda gani na kwa mzigo upi.

## Nani anafaa

4. Nina osteoathraitisi ya magoti. Naweza kuwekewa gegedu la maabara?

Kwa tiba nyingi zilizoidhinishwa leo, jibu ni hapana kwa walio wengi. Tiba hizi zilibuniwa kwa shimo lenye mipaka, lililozungukwa na gegedu zima, ndani ya kiungo ambacho kwa ujumla ni kizuri: mtu aliumia michezoni, au kipande cha gegedu na mfupa kilibanduka. Kwenye osteoathraitisi kiungo kizima kinaumwa. Utando wa ndani unatoa kemikali za uvimbe, mfupa umebadilika, na hakuna ukingo imara wa kushikiza tishu mpya. Seli zikiwekwa humo hukutana na mazingira yaleyale yaliyoua zilizotangulia.

Baridi yabisi na magonjwa mengine ya uvimbe wa viungo nayo hayaruhusiwi, kwa sababu hiyohiyo.

5. Shimo la ukubwa gani linafaa kwa njia ipi?

Vipimo hutolewa kwa sentimita za mraba, na hupimwa baada ya kuondoa gegedu lote bovu, si kabla. Shimo lililoonekana la sm² 2 kwenye MRI mara nyingi huwa kubwa zaidi likishasafishwa.

Kwa jumla, chini ya sm² 2 hutobolewa mfupa (swali la 8) au kuhamishiwa vigingi vya mfupa na gegedu vya mgonjwa mwenyewe (swali la 13). Kuanzia sm² 2 au 3 na kuendelea, njia za seli zilizokuzwa huanza kustahili gharama na usumbufu wake. Mashimo makubwa yaliyoingia mfupani huelekea kwenye vipandikizi vya wafadhili. Mipaka hii si sheria, na madaktari wazuri hutofautiana, hasa kati ya sm² 2 na 4.

Kina nacho hupimwa. Katika mfumo wa ICRS, chama cha kimataifa cha ukarabati wa gegedu, daraja la 1 na 2 ni uharibifu wa juujuu, na kwa kawaida hauguswi na tiba hizi. Daraja la 3 hupita nusu ya unene wa gegedu, la 4 hufika mfupani.

6. Je, umri, uzito na sigara vina uzito gani katika uamuzi?

Majaribio mengi ya seli yalichukua watu wa miaka 18 hadi 55, kwa hiyo nje ya hapo ushahidi ni mwembamba. Seli za mtu mzima hukua polepole na hutengeneza tishu hafifu kuliko za kijana, lakini hali ya kiungo ni muhimu kuliko tarehe ya kuzaliwa.

BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, inayozidi 35 mara nyingi humwondoa mtu kwenye orodha. Sigara huhusishwa na matokeo mabaya zaidi, na madaktari wengi hudai iachwe kabla ya upasuaji.

7. Kwa nini daktari anataka kuunyoosha mguu wangu kwanza, na mimi nilikuja kwa ajili ya gegedu?

Kwa sababu shimo lina chanzo. Mguu uliopinda kwa ndani hupeleka mzigo wote upande mmoja wa goti, kano iliyokatika huacha mifupa iteleze na kusagana, na meniska iliyoondolewa huacha gegedu bila mto. Ukipanda tishu laini ya wiki chache mahali palepale palipoponda gegedu la asili, itapondwa nayo.

Mpango hupimwa kwa picha ya eksirei ya mguu mzima mtu akiwa amesimama, kuanzia nyonga hadi kifundo. Upasuaji wa kukata na kunyoosha mfupa, kurudisha kano au kupandikiza meniska hufanywa kabla, au siku moja na ule wa gegedu. Anayekubali gegedu na kukataa kunyooshwa anatupa seli zake.

## Njia zilizopo

8. Kutoboa mfupa, yaani maikrofrakcha, ni uhandisi wa tishu?

Si wa maabara, lakini ndio kipimo ambacho njia nyingine hulinganishwa nacho. Daktari husafisha shimo, kisha hutoboa mfupa vitundu vyenye umbali wa milimita 3 hadi 4, na kina cha milimita chache, mpaka damu na matone ya mafuta ya uboho yatoke. Donge la damu hushika shimoni, seli shina za uboho (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine) huingia, na tishu hukua.

Njia ni rahisi na hufanywa kwa mara moja. Tatizo lake ni tishu inayopatikana, ambayo huwa na nyuzinyuzi zaidi. Nafuu nzuri ya mwaka wa kwanza hadi wa pili mara nyingi hupungua baadaye, hasa kwa mashimo makubwa na kwa wanamichezo. Pia huacha mfupa uliojeruhiwa (swali la 22).

9. Upandikizaji wa seli za gegedu za mgonjwa mwenyewe hufanywaje, hatua kwa hatua?

Ulianzia Gothenburg, Sweden. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1987, na taarifa ya wagonjwa 23 ikachapishwa mwaka 1994. Una upasuaji mara mbili.

Mara ya kwanza, kwa kamera ya kiungo, daktari huchukua vipande vya gegedu zima vyenye jumla ya miligramu 200 hadi 300 kutoka ukingo usiobeba mzigo. Vinatumbukizwa kwenye chupa ya majimaji tasa na kupelekwa maabara vikiwa baridi.

Maabara hukatakata vipande, huyeyusha kolajeni kwa kimeng'enya cha kolajenesi, na kuzikuza seli kwenye chupa bapa kwa wiki 3 hadi 6. Seli laki chache huwa mamilioni. Kabla ya kuachiliwa hupimwa uhai, idadi, na usafi dhidi ya bakteria, kuvu, mikoplazma na sumu za bakteria.

Mara ya pili, shimo husafishwa na seli huwekwa. Zamani zilikuwa kimiminiko kilichodungwa chini ya kiraka cha utando wa nje wa mfupa, ulioshonwa kwa uzi mwembamba na kuzibwa kwa gundi ya faibrini. Sasa seli hupandwa kwenye utando wa kolajeni ya nguruwe, hukatwa kwa umbo la shimo, na kubandikwa kwa gundi hiyohiyo. Kiwango cha kawaida ni kati ya seli 500,000 na 1,000,000 kwa kila sm².

Bidhaa ya utando wa namna hiyo, MACI, iliidhinishwa Marekani Disemba 2016. Jaribio lake kuu lilikuwa na wagonjwa 144 wenye mashimo ya sm² 3 au zaidi. Baada ya miaka 2 waliopata seli walikuwa na maumivu kidogo na utendaji bora kuliko waliotobolewa mfupa. Lakini tishu ilipochunguzwa kwa hadubini na kwa MRI, tofauti kati ya makundi haikuwa ya maana kitakwimu. Anayesoma nusu ya kwanza ya matokeo hayo peke yake ataahidi kupita kiasi.

10. Hizo tufe ndogo za seli ni kitu gani?

Ni seli za mgonjwa mwenyewe zilizoachwa zishikamane zenyewe kuwa vitufe, kila kimoja kikiwa kimeshaanza kujitengenezea gegedu lake. Huhesabiwa 10 hadi 70 kwa kila sm², humiminwa shimoni na kuachwa zishike kwa dakika kadhaa, bila gundi wala kushona. Ulaya iliidhinisha bidhaa hiyo, Spherox, mwaka 2017. Faida yake ni kupita kwa kamera ya kiungo, na seli hazikai peke yake kwenye plastiki hadi siku ya mwisho (tazama swali la 14).

11. Seli shina si bora kuliko seli za gegedu?

Zina faida moja kubwa: huzidishwa sana bila kumjeruhi mgonjwa gotini. Hupatikana kwenye uboho, mafuta, utando wa ndani wa kiungo na damu ya kitovu. Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2012 bidhaa ya damu ya kitovu iliyochanganywa na hayaluroneti.

Kasoro yake ni kwamba seli shina za uboho hujua njia ya kuwa gegedu la muda, lile linalogeuka mfupa kama kwenye mifupa ya mtoto anayekua. Zikipewa vichocheo hutengeneza kolajeni ya aina ya II, halafu huvimba, hutoa kolajeni ya aina ya X, na huanza kuita chumvi za kalisi na mishipa ya damu. Kuzizuia njiani ni moja ya kazi ngumu zaidi katika fani hii.

Seli za gegedu la pua zinavutia kwa sababu hazina tabia hiyo, na mtu mzima anaweza kupunguzwa kipande kidogo cha pua bila madhara makubwa. Kundi la Basel, Uswisi, lilichapisha mwaka 2016 wagonjwa 10 wa kwanza waliowekewa gotini gegedu lililokuzwa kutoka puani. Lengo la hatua hiyo lilikuwa usalama na uwezekano, si kuthibitisha kwamba ni bora.

12. Kuna viunzi vya kuwekwa bila seli yoyote. Vinafanyaje kazi?

Vinashika donge la damu linalotoka kwenye mfupa uliotobolewa, lisioshwe wala kukunjamana. Utando wa kolajeni huwekwa juu ya vitundu, au kaitosani hutiwa ndani ya damu ili donge lisinywee. Vingine vina tabaka mbili au tatu: la chini kama mfupa, la juu kama gegedu. Agili-C, kilichotengenezwa kwa aragonaiti ya matumbawe, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2022.

Upasuaji ni mmoja, hakuna kusubiri maabara, na bei hushuka. Ubora wa tishu hutegemea seli za mfupa wa mgonjwa, kwa hiyo hubadilika mtu kwa mtu.

13. Vigingi vya mfupa na gegedu, na vipandikizi vya wafadhili, viko wapi katika ulinganisho huu?

Hivyo huleta gegedu la haialini lililo tayari, ambalo maabara bado haijaweza kulitoa likiwa limekomaa. Vigingi vya mgonjwa mwenyewe hung'olewa sehemu isiyobeba mzigo, na akiba hiyo huisha haraka. Kipandikizi kibichi cha mfadhili huhifadhiwa kwa nyuzijoto 4 na hutumiwa ndani ya takriban siku 28, kwa sababu kadiri kinavyokaa seli zake hufa. Kwa shimo kubwa lililoingia mfupani, mara nyingi hicho ndicho chaguo la kwanza, hata na wanaopenda uhandisi wa tishu.

## Maabara

14. Kwa nini seli za gegedu zikikuzwa kwenye chupa huacha kutengeneza gegedu?

Zimezoea kuwa duara, ndani ya kitu kigumu, kwenye oksijeni haba. Kwenye plastiki hujilaza, hunyooka kama seli za kovu, hubadilisha nyuzi za ndani zinazozipa umbo, na huhama kutoka kolajeni ya aina ya II kwenda ya aina ya I. Kila zikihamishwa kwenye chupa mpya hali huzidi, na kufikia mara ya tatu au ya nne nyingi zimeshapoteza tabia.

Zikirudishwa kwenye mazingira ya pande tatu, kama jeli ya agarosi, aljineti au tufe, hupata tena sehemu ya tabia hiyo. Neno la kushika ni "sehemu". Ndiyo maana wataalamu huhesabu kwa makini mara za kuhamisha, na ndiyo maana kuchukua kipande kikubwa kidogo mwanzoni ni bora kuliko kuzizidisha seli mara nyingi baadaye.

15. Jaribio la kawaida la tufe hufanywaje, na nini huharibika?

Kwa seli shina za uboho, au seli za gegedu zilizokuzwa:

Weka seli 250,000 katika nusu mililita ya kimiminiko ndani ya neli ya polipropilini ya ml 15 yenye ncha. Zungusha kwa 500 g (mara 500 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 5. Legeza kifuniko, weka kwenye inkubeta ya nyuzijoto 37 yenye kaboni dioksidi asilimia 5. Usigonge wala usiinamishe neli kwa saa 24 za kwanza. Siku ya pili tandiko la seli lililokuwa bapa chini ya neli huwa limejikunja kuwa kitufe kinachoelea.

Kimiminiko hakina seramu. Msingi ni DMEM, kimiminiko cha kulishia seli, yenye glukosi nyingi, ukiongeza insulini, transferini na seleniamu. Deksamethasoni nM 100. Askobeti-2-fosfeti takriban µg 50 kwa ml. Prolini µg 40 kwa ml. Na TGF-β3, kichocheo cha ukuaji, ng 10 kwa ml. Badilisha kila siku 2 hadi 3, kwa siku 21. TGF-β iongezwe siku ya kutumika, isikae imechanganywa wiki nzima kwenye friji.

Yanayoharibika:

- Kitufe hakifanyiki, seli zinabaki kama vumbi: seli nyingi zilikuwa zimekufa, au neli ni ya plastiki inayoshika seli.
- Kitufe kimenata ukutani: kizungushe taratibu siku ya pili. Usikivute kwa pipeti.
- Kinakua kidogo na kuwa chepesi: askobeti imeoza, au TGF-β imeyeyushwa na kugandishwa mara nyingi mno.
- Kimepotea wakati wa kubadilisha kimiminiko: kimefyonzwa. Acha µl 100 hivi chini ya neli, tumia ncha nyembamba, na angalia pipeti kabla ya kumwaga.
- Rangi ya safranini O, inayoonyesha gegedu lililojengwa, inashika ukingoni tu, katikati ni peupe: kitufe ni kikubwa mno, chakula hakifiki. Punguza seli badala ya kuongeza siku.

Daima weka vitufe vya kulinganisha visivyo na TGF-β. Bila hivyo huwezi kujua kama ulichoona kimetokana na kichocheo.

16. Kiunzi kizuri kinahitaji sifa gani?

Kishike seli, kipitishe chakula, kisitie uvimbe, na kiyeyuke kwa kasi ile tishu inavyojengwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoshinda wengi. Kikiyeyuka mapema, tishu changa hubaki bila msaada. Kikichelewa, huzuia tishu isijaze nafasi, na polima kama PLGA huacha asidi zinapovunjika.

Vitu vya asili, yaani kolajeni, hayaluroneti, faibrini na aljineti, hupendwa na seli lakini ni dhaifu. Vya kutengenezwa, kama PCL, ni imara na hupangika kwa usahihi, ila seli hazivitambui. Wengi huchanganya: fremu ya PCL iliyojazwa jeli yenye seli.

Kwa jeli, seli huwekwa kwa wingi, kwa mfano milioni 20 kwa ml. Chini ya hapo, matriki ya kila seli, yaani kile inachokijenga kuizunguka, hubaki kisiwa na haiungani na ya jirani.

17. Kwa nini maabara nyingi hubana tishu kwa mashine?

Goti hubeba mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili kwa kutembea tu. Gegedu la asili likibanwa lina ukakamavu wa takriban MPa 0.5 hadi 1. Kubana na kuachia kwa mdundo, kwa mfano asilimia 10 ya unene mara moja kwa sekunde, husukuma maji na chakula ndani ya tishu na kuziamsha seli.

Muda una maana. Mbano ukianza mapema mno, kabla seli hazijajizungushia matriki, hudhuru. Mbano wa kudumu usioachia hushusha uzalishaji. Na hata tishu nzuri ya maabara huwa na upungufu uleule: GAG, minyororo ya sukari inayoshika maji, hufikia kiwango cha asili ndani ya wiki chache, kolajeni hubaki nyuma sana. Tishu hiyo huvimba na kuhimili mbano, lakini huchanika ikivutwa.

18. Kwa hiyo kuchapa gegedu kwa printa ya 3D kumefika wapi?

Umbo si tatizo tena, printa hupanga seli na jeli kwa tabaka vizuri. Kinachobaki ni kilekile cha swali la 17: kukomaa. Wino laini unaozipendeza seli haushiki umbo, na wino mgumu huziua zinapopita kwenye sindano.

## Upasuaji na baada yake

19. Daktari huliandaaje shimo, na kwa nini anachukua muda mrefu hapo?

Kwa sababu tishu mpya hushindwa mara nyingi ukingoni. Ukingo ukiachwa umechakaa au umelala kama bakuli, tishu haina ukuta wa kushikia. Daktari hukata kwa kisu na kijiko cha duara hadi gegedu zima, kuta zisimame wima. Kisha hukwangua sakafu kuondoa tabaka la gegedu lenye chokaa bila kuutoboa mfupa. Kwenye njia za seli damu haitakiwi, kwa kuwa huleta seli za kovu na kuinua utando. Ikitoka, hubanwa kwa pamba yenye adrenalini au huzibwa kwa tone la gundi ya faibrini.

Kiolezo cha karatasi ya foili hubonyezwa shimoni, hukatwa, na ndicho huongoza kukata utando. Utando ukizidi ukingo hunyanyuka goti likikunjwa. Kabla ya kufunga, goti hukunjwa na kunyooshwa mara kadhaa kuhakikisha haujasogea.

20. Nitatembea lini? Nitarudi uwanjani lini?

Ratiba hutegemea mahali. Shimo kwenye mfupa wa paja sehemu inayobeba mzigo: magongo, kugusa chini tu mwanzoni, na uzito kuongezwa hatua kwa hatua hadi wiki ya 8 au 12. Shimo nyuma ya kilegesambwa: mara nyingi unaruhusiwa kukanyaga mapema mguu ukiwa umenyooshwa kwa kibano, lakini kukunja ndiko kunakozuiwa.

Kukunja na kunyoosha kwa upole huanza mapema, mara nyingi kwa mashine inayosukuma goti polepole, kwa saa kadhaa kwa siku. Kulala bila kusogeza goti huleta ugumu usiotaka kutoka.

Kukimbia huja takriban baada ya miezi 6 hadi 9. Michezo ya kugeuka na kugongana husubiri mwaka au zaidi. Kinachowaponza wengi ni mwezi wa 4 hadi wa 6, maumivu yameisha na tishu bado ni laini.

21. Nini huenda vibaya, na dalili zake ni zipi?

Kukua kupita kiasi: goti linabofya au kukwama, hasa miezi 3 hadi 9. Ilikuwa kawaida zaidi kwa kiraka cha utando wa mfupa, na imepungua kwa utando wa kolajeni. Husawazishwa kwa kamera ya kiungo.

Kubanduka: maumivu makali ya ghafla na uvimbe, mara nyingi baada ya kujipinda. Kipande kidogo huondolewa, kikubwa huhitaji mpango mpya.

Ugumu wa goti: kunyooka kusikokamilika wiki ya 6 ni kengele. Usisubiri miezi.

Homa, wekundu na goti lenye joto ni dharura, kama baada ya upasuaji wowote.

MRI ya ufuatiliaji husomwa kwa alama za MOCART: kujaa, kuungana ukingoni, ishara ya tishu na hali ya mfupa. Tishu inaweza kuonekana ng'avu isivyo kawaida kwa mwaka mzima huku ikikomaa, kwa hiyo ripoti ya mwezi wa 3 isikutishe.

## Hali za pembeni

22. Nilishatobolewa mfupa miaka michache iliyopita. Bado naweza kupandikizwa seli?

Unaweza, ila uwezekano wa kushindwa ni mkubwa zaidi. Katika ripoti moja ya wagonjwa 321 iliyochapishwa mwaka 2009, upandikizaji ulishindwa kwa asilimia 26 ya viungo vilivyokuwa vimeshatobolewa, dhidi ya asilimia 8 ya visivyoguswa. Mfupa uliotobolewa hukakamaa, huota vinundu au hupata vifuko vya maji. Kabla ya kuamua, mfupa huangaliwa kwa MRI au CT.

Ndiyo maana kusema "tutoboe kwanza, seli baadaye" kwa shimo la sm² 4 si uamuzi usio na gharama.

23. Kama mfupa chini ya gegedu nao umeliwa?

Kina kikizidi milimita 6 hadi 8, seli pekee hazitoshi, zitazama shimoni. Mfupa hujazwa kwanza kwa mfupa wa mgonjwa, kisha utando wenye seli huwekwa juu. Wengine hufanya kwa tabaka mbili za utando, moja ikiangalia chini na moja juu, seli zikiwa katikati. Vinginevyo ni kipandikizi cha mfadhili (swali la 13).

24. Mashimo mawili yanayotazamana, kwenye paja na kwenye muundi?

Hayo ni magumu. Nyuso mbili laini zikisuguana, huchubuana kabla hazijakomaa, na mara nyingi hiyo ni dalili kwamba osteoathraitisi imeanza. Wengi huyakataa kwa njia za seli. Wanaoyakubali hunyoosha mguu kwanza na kurefusha muda wa magongo.

25. Kliniki moja inanipa sindano ya seli shina bila upasuaji. Ni kitu kilekile?

Hapana. Sindano humwaga seli ndani ya ute wa kiungo. Hakuna kinachozishikilia shimoni, na nyingi hupotea. Nafuu ikipatikana huenda inatokana na kupungua kwa uvimbe, na hiyo si kujengwa kwa gegedu.

Uliza mambo manne. Seli zimetoka wapi, na zimekuzwa au zimechujwa tu siku hiyo? Ni ngapi, na hai kwa asilimia ngapi? Mamlaka gani ya dawa imeidhinisha bidhaa hiyo kwa goti? Nani atanifuatilia baada ya miaka 2, na kwa kipimo gani? Anayejibu kwa picha za "kabla na baada" hajajibu.

26. Upandikizaji ukishindwa, milango imefungwa?

Haijafungwa. Kwanza hutafutwa sababu: mpindo uliopuuzwa, mfupa mbovu, jeraha jipya, au shimo lililokuwa kubwa kuliko lilivyopimwa. Sababu ikirekebishika, kipandikizi cha mfadhili ndicho hatua ya kawaida inayofuata, kwa kuwa hubadilisha mfupa na gegedu kwa pamoja. Maabara nyingine hugandisha sehemu ya seli, na zikiwepo kipande kipya hakihitajiki. Uliza kabla ya upasuaji wa kwanza kama hufanya hivyo na kwa muda gani. Goti la bandia, nusu au zima, bado linawezekana baadaye, na upandikizaji wa seli uliotangulia hauliharibii nafasi.